Ukanda wa Paa la Gari la Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini niliangusha ngazi juu ya kioo cha gari la watu. Ilikuwa gereji moja ya Embu, karibu na mtaa wa Dallas. Fundi Mkuu, mtu mkimya mwenye tumbo la heshima, aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akauliza, "Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, Mzee."

"Haionekani." Akanipa ufagio. Nilifagia mwezi mzima.

Nilipojua kazi kidogo nilihamishiwa tawi la Meru. Sasa, mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka jikoni hadi zizini. Nililia kidogo, msiambie watu. Na huko Meru ndiko nilikoona ajabu: gari lenye kitanda, jiko na sinki ndani. Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu, mama mrefu wa miwani, ambaye yeye na mumewe walitaka kuzunguka nchi. Nilishtuka. Mtu ana nyumba ya mawe, ana ng'ombe wawili, halafu anaondoka na kitanda!

Shida yake ilikuwa ukanda wa ukingo wa paa. Huo ni utepe wa aluminiamu unaofunika mahali paa linapokutana na ukuta. Unashikwa na skrubu zinazoingia kwenye ubao uliofichwa ndani, na chini yake hulazwa gundi isiyokauka, laini kama chingamu, ya kuzuia mvua. Ukilegea, maji yanapenya na ubao unaoza. Ukilegea zaidi, upepo wa barabarani unaung'oa, na hapo una panga refu linaloruka hewani kutafuta shingo ya mtu.

Nilibandua ukanda, nikakwangua gundi kuukuu, nikalaza mpya, nikaanza kukaza kutoka katikati kwenda pembeni kama nilivyofundishwa. Skrubu ya tatu ikazunguka tu. Haikushika kitu. Ya nne vilevile. Fundi mwenye akili angefungua atazame ubao. Mimi nilijaza silikoni kwenye matundu, nikapangusa vizuri, nikanyamaza. Wiki hiyo hiyo Msimamizi wa tawi letu alikuwa ameniambia, "Kosa moja tena, unarudi kwa mama yako." Kwa mtu kama mimi hiyo ingekuwa zawadi, lakini mama alikuwa ameshaambia kanisa zima kwamba mimi ni injinia.

Msimamizi alikuwa na sheria yake. Aliyetengeneza paa huketi ndani ya gari amevaa suti yake ya kanisani, na wenzake wanamwaga maji juu kwa mpira. Nikaketi. Wakamwaga nusu saa wakinipigia kelele, "Bwana harusi, umelowa?" Nikatoka mkavu kama unga. Msimamizi akanipa mkono, na kesho yake akaniruhusu niende nyumbani Karurumo kwa lifti ya gari hilo hilo.

Mzee, mume wa Mwalimu, ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa nyuma kitandani, nikila ndizi. Tulipoteremka kuelekea mto Thuci, nikasikia juu ya kichwa changu: tap, tap, tap.

"Ni nini hiyo?" Mzee akauliza.

"Ni matawi," nikasema.

Mwalimu akageuza shingo polepole. "Matawi gani, fundi? Hapa hakuna mti."

Tap, tap, tap, tap. Nikaweka ndizi chini. Mbele yetu niliona soko la Karurumo, akina mama wamepanga nyanya hadi ukingoni mwa lami, wengine nawajua kwa majina. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo: "Mzee, simama! Simama sasa!"

Akasimama hatua chache kabla ya nyanya za kwanza. Nilipanda juu. Ukanda uliinuka kwa kidole kimoja, skrubu zake zikining'inia kama meno ya mtu mzee. Silikoni tu ndiyo iliyokuwa imeushika. Nikakaa juu ya paa.

Mwalimu alisimama chini. "Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu skrubu ya tatu."

Alivua miwani. "Na ukapanda na sisi?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa. Nilishtuka upya, palepale juu.

Mzee alizima gari. Alikwenda kukaa mbali, kando ya mtaro. Nikafungua kila kitu. Ubao ulitoka kwa vidole, mweusi, kama majani ya chai yaliyochujwa. Seremala wa sokoni akatukatia mwingine wa mukima, ule mti wa kivuli tunaopanda kwenye kahawa, naye Mwalimu akaleta kiti, akaketi kunitazama kama anasimamia mtihani.

"Imeshika?" aliuliza kwa kila skrubu.

"Imeshika."

"Imeshika?"

"Imeshika."

Ya kumi na moja ikazunguka. Jua linachoma, soko zima linatazama, mama yangu ameshafika na binamu watatu. Injinia wake yuko juu ya paa.

"Imeshika?"

"Haijashika, Mwalimu. Hapa ubao umepasuka. Lazima nitoe nianze tena."

Mama akafunika uso kwa leso. Nikatoa, nikaanza tena.

Msimamizi nilimweleza mwenyewe Jumatatu. Hakunifukuza. Baada ya Meru nilihudumu tawi la Gachoka, kwenye vumbi, chini ya wasimamizi wawili wakali, kisha nikarudi Embu hadi nilipostaafu. Sasa niko nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu siku ile ya ngazi. Kwenye sherehe ya kuniaga nilipewa cheti chenye fremu, sijui kiko wapi. Ninachokumbuka ni mgongo wa Mwalimu jioni ile Karurumo: aligusa ukanda kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuniaga, akapanda ngazi ya gari, akaingia ndani na kumwambia mumewe, "Twende."