Porti Iliyosema Ngoja

Sikuwa nimekunywa kitu, wala sikuwa na homa. Nasema mapema kwa sababu nikifika katikati utaanza kuniangalia vibaya. Mimi ni fundi wa mitandao, naishi Gatongora, na haya yalinipata mchana, jua likiwaka, kwenye kiwanda kimoja cha biskuti pale Eneo la Viwanda Thika.

Waliniita kwa sababu mashine za kupakia zilikuwa zinaganda. Nikaunganisha laptop yangu na swichi, kile kisanduku kinachokutanisha waya zote, nikaona porti moja, yaani tundu la kuchomekea waya, inatuma ujumbe uleule bila kupumzika: ngoja, ngoja. Hiyo ndiyo flow control. Kifaa kikilemewa kinaomba data isimame kidogo. Ni kawaida. Lakini ni kifaa gani hulemewa mchana kutwa? Nikaufuata waya wake, nikaupata umekatwa ukutani. Niamini, haukuwa umeungwa na kitu chochote.

Niliporudi kwenye swichi kuizima ile flow control, mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni. Koti la kijivu la kazi, kadi ya kazi hana. Alinisalimia kwa upole, akauliza kama nina watoto. Wewe ungefikiria nini? Mimi nilijua ni mwizi wa nyaya.

“Wacha hiyo, fundi,” akasema. “Ngoja kidogo.”

“Ningoje nini, mzee?”

“Bado yuko ndani.”

Nikainamia laptop nitafute nambari ya mlinzi. Kuinua macho, hayupo. Nikasema huyu ananichezea, nikazima flow control kwenye ile porti.

Taa za swichi zikaanza kumetameta. Mkanda wa kupakia, uliokuwa umeganda ukingoja data, ukanguruma, halafu nikasikia mwanamke akilia. Nilipofika mbio, Wanjiru, msimamizi wa zamu, alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu. Tulimtoa Nekesa, mama wa usafi, ndani ya mkanda, mkono umechunika hadi kwenye kiwiko. Lakini yuko hai.

Wanjiru akamuuliza nani alimruhusu kupanda humo umeme haujazimwa.

“Ni yule mzee wa koti la kijivu,” Nekesa akasema. “Aliniambia niingie tu, yeye ataushikilia mkanda.”

Wanjiru akakaa chini sakafuni. Baadaye alitueleza polepole kwamba mzee wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akisafisha mkanda huo zamani, mtu mwingine akauwasha yeye akiwa ndani. Walimzika.

Nekesa anaamini alitaka kumwokoa, na humwombea kanisani kwao Ngoingwa. Mimi siwezi. Nani alimwambia aingie? Na mbona akaja kwangu, mgeni ambaye hangemsikiza? Mpaka leo sibadilishi porti yoyote kabla sijazunguka kiwanda kizima nikiuliza kwa sauti kama kuna mtu. Mafundi wenzangu hunicheka.

Wacheke. Lakini wewe, mtu akikuambia ingia, mashine nimekushikilia, hata akiwa mpole namna gani, usiingie. Nenda kwanza ukazime umeme mwenyewe.