Chuku za Nasriya

Marhoon alikuwa na maradhi ya walimu: hata salamu aliisahihisha. Unguja alisomesha Kiingereza miaka kumi na minne, na ukimwambia jua linachoma, alikuuliza hiyo ni tamathali gani. Mwaka 1964 alikimbia na mkewe Muhsina. Kufikia 1969 alikuwa karani wa tajiri mmoja wa Matrah, bandari iliyo jirani na Maskati, na alasiri alifundisha vijana wawili chumbani kwake, maana skuli za Maskati zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Dada yake mdogo, Nasriya, alibaki Unguja. Kiingereza alifunzwa na Marhoon, na barua zao zilikuwa kwa lugha hiyo tangu zamani: dada huandika, kaka husahihisha kwa wino mwekundu na kumrudishia. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Tajiri alikubali kumwombea ndugu mmoja wa Marhoon kibali cha kuingia Oman. "Niletee jina tu," alisema. Kisha ikafika barua ya Nasriya: mchele hauonekani, anakula mara moja kwa siku mbili, amebaki mifupa mitupu, kaka afanye haraka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Marhoon alicheka, akawasomea wanafunzi wake.

"Mifupa mitupu. Hii ni nini?"

"Chuku, maalim."

"Ahsanta."

Muhsina alikuwa mlangoni. Vijana walipoondoka akasema, "Mpelekee tajiri hilo jina leo."

"Nnamjua Nasriya. Mie mwenyewe nliyemfunza kupiga chuku. Joto likipita ntalipeleka."

"Maalim, yule anakufa."

"Haya, na wewe tena!"

Akaipiga barua mistari myekundu, akaandika pembeni kwamba amezidisha, akaitia posta.

Joto likapita. Barua iliyofuata ilitoka kwa jirani wa Nasriya, kwa Kiswahili kisicho na pambo hata moja. Nasriya alizikwa Ijumaa. Njaa ilimdhoofisha, homa ikammaliza. Majirani walimsihi amwandikie kaka yake tena. Akajibu kwamba hajui aandike vipi ili aaminiwe.

Marhoon alilia mbele ya mkewe bila ya haya. Alijua kwamba jina moja, kwenye kipande cha karatasi, lingetosha.

"Kwa nini hukunshika kwa nguvu?" alimuuliza.

"Nlikwambia anakufa, maalim," alisema Muhsina. "Ukaniona na mie napiga chuku."