Siku Siafu Waliponikuta Nimefungiwa

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, juzi nimewaona. Mende mmoja katokea jikoni, watu wanne mmepanda juu ya viti, mmoja anapuliza dawa ya kopo mpaka ugali ukanuka. Sikusema kitu, nilikuwa nakula. Sasa nasema. Mende yule hakuwa na la kuwafanya, na mlango ulikuwa wazi. Kaeni chini niwaambie habari ya wadudu waliokuja mlango ukiwa umefungwa. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo msinitafutie makosa. Tafuteni maana.

Mimi nimezaliwa kambini, kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Wazazi wangu walitoka Singida kufuata vibarua. Babu yenu alikuwa Mwiraqw wa Rhotia, naye alifanya kazi huko huko, kupulizia mikahawa dawa. Aliponioa, miaka ya sabini, alinipeleka Rhotia kwa mama yake, yeye akarudi Oldeani. Anakuja Jumamosi jioni, Jumatatu alfajiri hayupo. Nyumba ikawa ya watu wawili, mimi na mama mkwe. Nilimwita Ayo, ndiyo mama kwa lugha yao.

Ayo alikuwa na sheria alizozikuta kwa mama mkwe wake. Kubwa ni hii: mwanamke akijifungua hatoki nje mpaka mtoto akaze shingo. Hateki maji, hapiti shambani kwa mtu, hakanyagi ua wa jirani. Na zaidi ya mama na mkunga, hakuna anayemshika mtoto. Mzazi akitoka mapema, walisema, anaharibu mazao ya watu na mtoto wake hakai duniani. Kambini kwetu sikuyaona hayo. Mama alijifungua, wiki ya pili yuko kwenye mikahawa na mtoto mgongoni. Lakini nilikuwa nimeolewa, na ukiolewa unakula mboga uliyoikuta.

Nikajifungua mtoto wa kwanza, wa kiume. Nikavumilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikatoka nikasimama nyuma ya nyumba nipate jua tu, mtoto kifuani. Ayo akanikuta. Hakunigombeza. Alikwenda kwenye boriti akachukua kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, aliponirudisha ndani akaufunga mlango kwa nje. Tangu hapo akawa anafungua kuingiza uji na maji, na kutoa uchafu, kisha anafunga. Babu yenu akija Jumamosi alisema hayo ni mambo ya wanawake, akarudi kazini.

"Wewe ni mbuzi wa Singida," alisema akikaza fundo. "Ukiachiwa unakula shamba la watu."

"Hata mbuzi hufunguliwa, Ayo."

"Atafunguliwa. Shingo ikaze kwanza."

Chumba kilikuwa cha udongo, dirisha ukubwa wa sahani. Juu yangu palikuwa na dari ya fito, na darini mahindi. Sasa fikirini wenyewe. Mahindi yanaita panya. Panya wanaleta viroboto. Kitanda cha kamba ni mji wa kunguni. Kila kitu chenye uhai mle ndani kilikuwa na ruhusa ya kutoka na kuingia, isipokuwa mimi na mwanangu.

Dawa ya kunguni ni jua kali na maji ya moto. Kitanda unakitoa nje, unakimwagia, unakiacha kikauke. Mimi kitanda nitakitoaje nami mwenyewe sitoki? Nilikuwa nawachokoa kwenye maungio kwa sindano, mmoja mmoja, nawabonyeza kwa ukucha. Viroboto dawa yao moshi, nao moshi na mtoto mchanga havikai chumba kimoja. Nikaomba mkojo wa ng'ombe, nikanyunyizia sakafu, wakapungua siku mbili wakarudi. Panya ndio walionitisha. Panya hupenda harufu ya maziwa, na mtoto ananuka maziwa mpaka kwenye vidole. Kila akinyonya nilimfuta mikono na midomo, nikakaa na mwiko karibu. Kulala nilikuwa nalala nimekaa. Nikawa nawajua wale panya kwa mikia.

Mvua zikaanza tena kunyesha. Siku ya tatu yake, saa nane mchana, majirani wote wako kwenye palizi, Ayo yuko uani anapura maharage. Panya akashuka ukutani. Akafuata mwingine, na mwingine, wakapita karibu na mguu wangu wala hawakunitazama. Shikeni neno hili: panya akikimbia mchana bila kumwogopa mtu, usimtazame yeye, tazama anachokikimbia. Nikasikia sauti darini, kama mvua ndogo juu ya majani makavu. Nje hakukuwa na mvua.

"Ayo," niliita. "Siafu wameingia."

"Nimewaona tangu asubuhi," akajibu, na fimbo yake haikusimama. "Waache. Hao ni mafagio. Wakitoka hutaona kiroboto wala panya mwezi mzima."

"Na sisi tulio ndani?"

"Panda kitandani. Zungushia majivu ya moto miguu ya kitanda. Siafu hapiti majivu."

Ayo hakuwa mwongo. Wakulima wote wa kule walifanya hivyo: siafu wakija, watu wanahama nyumba kwa muda, wanawaachia wafagie. Kosa lilikuwa moja tu, kwamba mimi sikuwa na pa kuhamia, naye alikuwa hajawahi kuwaachia siafu nyumba yenye mzazi ndani. Nikachota majivu kwenye kigae cha makaa alichoniwekea nimwoteshe mtoto, nikazungushia, nikapanda naye. Siafu wa chini wakafika kwenye majivu wakageuka. Nikaanza kupumua.

Wa kwanza akanidondokea begani. Wa pili kwenye nywele. Wale hawakuwa wanapanda, walikuwa wanaanguka. Nikamfunika mtoto kwa kanga, nikamwinamia kama kuku anavyofunika kifaranga, wakaanza kunila mgongo.

"Ayo, wako darini. Wanatuangukia. Fungua."

Fimbo ikanyamaza.

"Nikifungua na mtoto asipokaa," akasema, "utasema ni mimi."

"Usipofungua sitasema kitu. Hatakuwepo wa kusema."

Nilimwona kwa tundu la dirisha, amesimama, fimbo mkononi. Yule mama alizika watoto wawili, na kwa mmoja wao watu walimwambia usoni kwamba alitoka mapema. Hilo nililijua. Nilimwelewa, na bado nilikuwa naliwa.

Ndipo mtoto akalia. Kuna kilio cha njaa na kuna kingine, na mwanamke aliyezaa hahitaji kuelezwa. Ayo akaja mbio. Nikasikia anahangaika na fundo. Katani ikilowa inavimba, na ile ilikuwa imenyeshewa siku tatu.

"Haifunguki," alisema. "Haifunguki, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikamwambia, "Panga liko chini ya kihenge."

Akakata kamba kwa pigo moja. Akaingia kwa miguu mitupu katikati ya siafu, akamchukua mtoto mikononi mwangu, yeye ambaye sheria yake ilimkataza, akatoka naye mpaka kwenye maharage. Akamvua, akawa anamtoa siafu mmoja mmoja kwa kucha. Siafu ukimvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeuma. Cha nyuma ya sikio alikitoa kwa meno. Kovu mnaloliona nyuma ya sikio la baba yenu, mkadhani ni la kuanguka, ni hilo.

Tulikaa pale kwenye maganda ya maharage mpaka jua likaanza kushuka. Jirani mmoja akirudi palizi alisimama mbali njiani, jembe begani.

"Mama, mkweo yuko nje."

"Namwona. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Na mahindi yangu je?"

"Yakikauka njoo uvune yangu," Ayo akasema. "Sasa pita, mtoto anataka kulala."

Siafu walipomaliza tuliingia. Nyumba ilikuwa safi, sikatai. Hakuna kunguni, hakuna kiroboto, panya kabaki ngozi. Ayo akaokota vipande vya kamba, akavitazama, akavitia motoni. Hakusema nimefunguliwa. Nikamaliza siku zangu ndani, mlango umerudishwa tu. Na mahindi ya jirani yalizaa.

Miaka ya themanini babu yenu alijenga nyumba ya mabati. Mke wa shemeji yangu alikuwa karibu kujifungua, na fundi akauliza komeo la chumba chake litiwe upande gani. Ayo alikuwa ameketi pale, mzee sasa, macho yamefifia. Shemeji yangu akasema la nje, ndiyo mila. Ayo akageuza uso kwangu, nikajua ameniachia nijibu. Nikawaambia wote waliokuwepo:

"Komeo litiwe ndani, alishike mzazi mwenyewe. Mahindi yatoke juu ya kitanda chake leo hii. Na siafu wakija, wa kwanza kutoka ni yeye na mtoto, sisi wengine tufuate."