Safu Mbili za Karani wa Vitu Vilivyopotea

Kabla ya kuwasha kompyuta, karani wa vitu vilivyopotea pale stesheni huvua pete, maana anadai inamchelewesha vidole. Jedwali lake lina safu mbili: kushoto vitu walivyolilia waliovipoteza, kulia vitu walivyookota wafagiaji. Kompyuta inajua kuzilinganisha, lakini yeye haiamini, kwa sababu aliyepoteza husifia na aliyeokota hukashifu. “Koti zuri la sufu” la kushoto ndilo “tambara zito” la kulia. Basi husoma mwenyewe, kidole kwenye kioo, midomo ikinong’ona. Akinusa kwamba viwili vinalingana, mguu wake huanza kutwanga sakafu chini ya meza, na wenzake huweka vikombe chini.

Leo mguu umeanza mapema. Kushoto mzee mmoja kaandikisha, “Kifaa changu cha kusikilizia, cha sikioni, kizuri mno, sina kingine.” Kulia: “Kidude cha plastiki, labda cha redio.” Karani akavuta droo, akakigeuza kiganjani, akatabasamu mpaka jino la mwisho. “Ndicho chenyewe,” akasema, na tayari alikuwa wima akibonyeza namba ya mzee kwenye simu.

Mzee alipokea mwenyewe.

“Babu, kifaa chako kimepatikana.”

“Nani?”

“Kifaa, babu. Tunacho hapa.”

Akarudia kwa nguvu, akapanda kiti, sauti ikatoka dirishani na abiria wakageuza shingo. Mzee akamsubiri amalize, kisha akamwambia kwa upole, “Mjukuu wangu, piga siku nyingine. Siku hizi sisikii, kifaa changu kimepotea.”