Sifuri za Masika

Kwa miaka tisa nimepima mvua nyuma ya nyumba yangu, Kimandolu. Kipimo ni kopo lililonyooka na rula ya shule. Kila asubuhi saa moja naandika milimita daftarini. Niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, na daftari lile ndilo lililokuwa cheti changu.

Mwaka jana mkutano wa mtaa ulijadili kuondoa uuzaji wa mkaa kando ya barabara yetu. Waliotaka uondolewe walisema misitu ya Meru inakwisha, mvua inapungua, watu wahamie gesi.

"Mtungi ukiisha tarehe ishirini, tutapikia hotuba?" akauliza fundi viatu. Watu wakacheka.

Muuzaji wa mkaa alikuwa mmoja tu, mama wa makamo mwenye kibanda chini ya nguzo ya umeme. Hakuwa na kazi nyingine. Alikaa mstari wa mbele.

Nikasimama, nikasoma daftarini masika yaliyotangulia: siku kumi na mbili mfululizo, sifuri. "Katikati ya masika," nikasema, "hata tone."

Yule mama akainuka. "Baba, hapo sikubali. Siku hizo mvua ilinichapa mpaka turubai likapasuka. Nilianika mkaa kama mahindi!"

"Mama, wewe unakumbuka. Mimi naandika."

Nilipigiwa makofi. Mikono ikanyooshwa, akapewa mwezi mmoja ahame.

Asubuhi yake nilitoa daftari la zamani, lile la rasimu, nizitazame tena siku zile kumi na mbili. Hapakuwa na sifuri. Palikuwa na vistari. Nilikuwa nimesafiri kwenda kumzika kaka yangu, na kopo halikusomwa na mtu. Wakati wa kunakili kwenye daftari safi, vile vistari vilinikera, vilionekana kama uvivu, nikaweka sifuri. Nilijua ninachofanya. Kama nilikuwa nimesahau siku ya mkutano, au nilipenda tu kusahau, nimejiuliza mara nyingi na sina jibu la kuaminika.

Bado naamini mkaa unamaliza msitu. Lakini siku ile sikusema ninachoamini. Nilisema nimepima.

Nikaenda kibandani nikamweleza. Alikuwa anamjazia mteja ndoo, hakusimamisha mikono.

"Kwa hiyo ilinyesha."

"Sikuwepo, mama. Wewe ulikuwepo."

"Sasa mbona unaniambia mimi? Kawaambie waliokupigia makofi."

Nikaenda kwa mwenyekiti. Akasema suala hilo lisubiri mkutano ujao, baada ya miezi mitatu. Nilikubali upesi mno, na nilipotoka kwake nilijisikia mwepesi. Mtaa wetu ni mdogo. Ningeweza kubisha hodi kila nyumba na kumaliza kwa siku mbili. Nilipita mbele ya kibanda kile mwezi mzima nikienda dukani, kisha nikaanza kuzungukia njia ya nyuma.

Mkutano ulipofika, alikuwa amekwisha kuhamia Moshono. Nikasimama, nikasoma vile vistari, nikaeleza sifuri zilivyoingia. Nilitegemea kelele.

"Sasa mzee," akasema fundi viatu, na safari hii hakuwa anatania, "tumrudishe, au tukupe pole wewe?"

Nikasema arudishwe. Mwenyekiti akasema pale chini ya nguzo pameshapata mtu wa mitungi ya gesi, akafungua ajenda ya takataka.