Mikaratusi Iliyorudi Garini

Jumatano nilikuwa kwenye ushirika wa maziwa huko Nyansiongo. Meneja wa kampuni inayonunua maziwa yao alifika na gambuti mpya miguuni, mpiga picha, na gari lililojaa miche ya mikaratusi ya kupandwa kwenye chemchemi.

Mikaratusi, kwenye chemchemi inayonywesha ng'ombe wa kijiji kizima! Nilifungua mdomo nifoke, lakini mama mwenyekiti wa ushirika alinitangulia. Aliinua mche mmoja.

"Meneja, mwanangu, huyu ni mlevi. Atamaliza maji yote, ng'ombe wetu wakunywe nini?"

"Lakini mama, ni zawadi."

"Asante. Ulituuliza? Sisi tuko na mianzi kwa kitalu yetu. Rudisha hii kwa gari, vua saa, ushike jembe."

Wanachama wote walimtazama. Meneja akaiangalia kamera, akacheka, akavua saa. Kufikia adhuhuri mianzi ilikuwa imeizunguka chemchemi yote, na gambuti zile hazikujulikana rangi.

Kampuni hutuhubiria wajibu kwa jamii. Mimi uongozi sikuusomea, lakini nikiuona naujua: mtu amekosolewa mbele ya watu, akajibu kwa jembe. Picha ilipigwa vilevile, ila aliyesimama katikati, miguu kwenye matope, alikuwa mama mwenyekiti.