Fimbo Laini ya Mokami

Mokami wa Nyarero alikuwa mtu wa ng'ombe. Samaki hakumla hata mwaka wa njaa. Lakini mwaka wa hamsini na nne alikuwa ametoka kwenye machimbo ya dhahabu na kikohozi chake, na kurudi shimoni hakutaka. Kwa hiyo aliposikia Mzungu mpima ardhi, aliyepiga hema kando ya Mto Mara, anatafuta mtu wa kumvulia kitoweo, akaenda.

Mzungu hakutaka nyavu. Akamtolea fimbo mbili za mianzi, nyembamba, ndefu kumpita mtu. Kila moja ilikuwa na kamba nzito, na mwisho wa kamba ndoana iliyovishwa manyoya, samaki adhani ni nzi.

"Chagua ya mkono wako. Jumamosi nikikuta samaki, kazi ni yako. Nisipokuta, nenda zako."

Mokami akazitikisa. Moja ilikuwa ngumu. Nyingine ikacheza kama mkia wa ndama.

"Hii ni mgonjwa," akasema, akairudisha. Mkurya mzima hatembei na fimbo inayopinda. Watu watauliza amepatwa na nini. Akachukua ngumu.

Siku mbili kamba ilimwangukia kichwani. Ya tatu, ndoana ikanasa kofia yake mwenyewe.

"Mura, kijana!" akaita Nikodemo, mpishi wa kambi, mtu wa Robanda. "Hiyo kofia nikuchemshie au nikukaangie?"

Ijumaa mkewe Ghati alimletea uji. Akakaa, akamtazama anavyorusha.

"Baba Heche, mkono wako ni wa kumwaga mbegu za ulezi shambani. Unakwenda taratibu, bega zima. Hiyo fimbo inataka mtu wa haraka, wa kukata kwa kiwiko. Wewe haikusikii. Shika ile laini, itakungoja."

"Nishike fimbo inayopinda, watu wananiona?"

"Itapinda fimbo, si wewe. Au nikakufungie mzigo wa shimoni?"

Mokami akamaliza uji. Akaenda akashika ile laini. Akaivuta nyuma taratibu, akangoja mpaka akaisikia nzito mkononi, ndipo akaipeleka mbele. Kamba ikajinyoosha yote, ikalala juu ya maji. Nikodemo akaacha kukoroga.

Jumamosi walikuwepo samaki wanne. Ghati hakuwagusa.

"Kazi ni yako," akasema Mzungu. "Kesho tunahamia upande wa juu wa mto. Fimbo utabeba wewe."

"Kuvua nitavua, bwana. Kubeba hiyo njiani, hapana. Tunapita kwa wakwe zangu."

"Jamani!" akasema Nikodemo. "Kazi haijalala hata usiku mmoja, anaikataa!"

Mzungu akawatazama samaki, kisha akaitazama fimbo. Alikuwa amekula nyama ya kopo miezi miwili.

Kesho yake wakwe wa Mokami walitoka kusalimia msafara. Mbele alikuwa Mzungu, fimbo begani, inacheza kila hatua. Nyuma yake Mokami, mikono mitupu, anaitikia salamu.